Kufufua Mercedes 240D ya ami, Malindi: shajara ya kazi

Naiandika kazi hii hatua kwa hatua ili mwenye dizeli ya zamani imelala uani asije akaambiwa tu "pampu imekufa" akatoa pesa yote hapo hapo. Gari ni Mercedes 240D, bodi ya W123, ile iliyoanza kutoka 1976 mpaka katikati ya miaka ya 80. Injini ni OM616, silinda nne, ujazo wa cc 2399, farasi 72, haina tabo, haina kompyuta, na kichwa chake ni chuma cha kalibu kama bloki yenyewe, ndo maana inavumilia. Ami yangu aliifanyia teksi ya watalii miaka mingi, Malindi na Mombasa kwenda na kurudi, alafu magoti yakamsumbua akaiegesha.

Januari 11, 2025. Hali nilivyoikuta

Iko chini ya mti wa mkungu huko Barani, Malindi. Tairi zimelala zote, mlango mmoja wa nyuma haufunguki, panya wamezaliana ndani ya kasha la filta ya hewa. Namba zake za usajili ni zile za kabla ya herufi KAA kuanza, kwa hio mjue imekaa.

Kabla sijanunua hata bolti moja nimeingia chini na nyundo ndogo. Huku kwetu upepo wa bahari ndo unaua gari, sio kilomita. Nimegonga pale springi za nyuma zinapokaa, nimegonga mikono ya mbele inayobeba injini, sauti ni kavu, chuma bado kipo. Sakafu ya dereva imetoboka unaona mchanga, lakini hio ni kazi ya bati. Kama pale kwa springi pangekuwa pameoza ningemwambia ami tuiuze spea, manake hakuna faida ya injini nzuri kwenye bodi inayokatika.

Fundi mmoja alikuja akaangalia kwa macho tu akasema pampu kubwa ya kusukuma dizeli ing'olewe ipelekwe Mombasa, shilingi elfu 45. Ami alikuwa tayari kutoa. Nikamwomba, "Ami, nipe nafasi nianze na tanki kwanza, pampu haina miguu haitaenda popote." Akasema sawa. Dizeli ya aina hii haina plagi za cheche wala koili, inataka kombresheni, inataka mafuta safi yasio na hewa, na inataka joto la kuanzia. Basi. Nitapima moja moja nikianzia ile ya bei rahisi, na hakuna mtu kugusa staata mpaka injini izunguke kwa mkono.

Januari 18. Injini kwa mkono

Nimetoa hita plagi zote nne (zile zinazopasha joto kabla ya kuwasha), spana ya 12. Tatu zimetoka, ya nne haikutaka kabisa. Hapo msilazimishe, ncha ya hita ikivimba kwa kaboni ikakatikia ndani ndo kichwa kinashuka. Niliimwagia oili ya kupenya jioni, asubuhi naikaza kidogo naifungua kidogo, hivo hivo kila siku mpaka ikatoka nzima.

Kwenye matundu nimetia dizeli na ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) nusu kwa nusu, kidogo tu, ikakaa siku kadhaa manake inapita kwenye chemba ndogo kwanza ndo ishuke kwa pistoni. Alafu soketi ya 27 kwenye bolti ya kranki, mpini mrefu. Ikaenda kidogo ikagoma. Nikairudisha, nikaipeleka, nikairudisha, kila mara inaongeza kidogo, mpaka ikazunguka mzunguko mzima na matundu yakaanza kupumua fuu, fuu. Nilifurahi sana.

Oili ya zamani ilitoka nyeusi lakini haina maji. Oili mpya na filta yake, 5,200. Nimefungua kifuniko cha juu, kamshafti inang'aa. Valvu nimeziseti injini ikiwa baridi, za kuvuta milimita 0.10 na za kutoa moshi 0.30. Hapa mnahitaji spana mbili za 14, moja tuliipinda kwa moto ndo ikaingia. Kombresheni tukapima na geji ya kuazima na betri ya kuazima: zote ziko kati ya baa 19 na 21. Chini ya 15 ndo ingekuwa msiba. Kwa hio injini ni nzima, tena nzima sana, na tumeshatoa hofu kubwa kwa bei ya oili.

Januari 26. Tanki

Hapa ndo nataka watu wasome polepole.

Dizeli ilotoka ilikuwa rangi ya chai ya rangi ilokolea na inanuka vanishi. Chini yake kulikuwa na maji, na baina ya maji na dizeli kuna kitu cheusi kinateleza, ukikishika kinanyumbuka baina ya vidole kama utando wa bamia. Ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaishi kwenye maji wanakula dizeli. Tanki ikikaa nusu tupu kwenye joto na unyevu wa pwani, usiku hewa ya ndani inapoa inatoa maji, maji yanashuka chini, na wadudu wanapata nyumba. Ukikubali kuegesha dizeli muda mrefu huku kwetu basi jaza tanki mpaka juu, ile nafasi ya hewa ndo inaleta maji.

Chini ya tanki W123 ina chujio la wavu ambalo watu wengi hawajui lipo, wanabadilisha filta za mbele tu na gari inaendelea kukosa nguvu. Linafunguliwa kwa soketi ya 46. Soketi hio gereji za mjini hawana, niliipata kwa mafundi wa malori yanayobeba chumvi ya Gongoni, wanaitumia kwa habu. Wavu ulipotoka ulikuwa umezibika wote, nikiuelekeza kwa jua hakuna hata tundu moja linalopitisha mwanga. Sasa fikirieni pampu ingekwenda Mombasa, ingerudi mpya na elfu 45 zimekwenda, na mafuta bado hayapiti hapa.

Tanki tumelishusha, tumelichemsha na sabuni, tukatia kokoto safi na kulitikisa, tukasuuza kwa dizeli mara nyingi na kulikausha juani kutwa. Kazi hio 1,500. Filta mbili, ile ndogo ya plastiki na ile kubwa, 1,900. Dizeli ya kusuuzia pamoja na ya kuanzia 5,000.

Februari 8. Hewa

Mafuta safi yapo, filta mpya zipo, tunapampu kwa mkono na haishiki. Unasikia inakaza, ukienda kunywa maji ukirudi imelegea tena.

Fundi ninaefanya nae kazi (sio yule wa mwanzo, huyu ni mzee ametengeneza hizi gari tangu zikiwa mpya) alidhani ni filta haikukaa vizuri, tukaifungua tukaifunga tena, hakuna kitu. Tukabadilisha mipira yote ya kutoka tanki, bado. Kilichosaidia ni kuweka kipande cha mpira wa kuona ndani kabla ya filta ndogo, kwa kupimia tu. Ukipampu unaona mapovu yanapita. Tukisogeza kile kipande mbele kidogo kidogo: kabla ya pampu ya mkono mafuta yako safi, baada yake mapovu. Kwa hio ni yenyewe pampu ya mkono, ile ya zamani yenye kichwa cheupe cha kuzungusha. Mpira wake wa ndani ukikauka inavuta hewa pale pale unapoishika. Ya sasa ina kichwa cheusi cha kubonyeza, inaingia bila kubadili kitu, 2,800 imeletwa na matatu kutoka Mombasa.

Alafu kulikuwa na ile mipira myembamba ya kurudisha mafuta baina ya nozo (zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini). Mtu alishawahi kuweka paipu za dripu ya hospitali. Naelewa, zinapatikana kila duka la dawa, lakini joto la injini linazifanya kavu zinapasuka, alafu mafuta yanarudi nyuma usiku na asubuhi unapiga staata mpaka betri inalia. Nunueni mpira wenyewe wa dizeli uliofumwa nyuzi kwa nje, kipenyo cha ndani milimita 3.2, na msisahau kile kifuniko cha nozo ya mwisho. Mipira yote, minene na myembamba, 1,450.

Baada ya hapo pampu ya mkono ikashika na haikulegea mpaka kesho yake.

Februari 15. Pampu kubwa, na nozo

Tumelegeza nati za paipu kwenye nozo, spana ya 17, tukapiga staata. Nati tatu zikatoa mafuta, ya nne kavu, na hata hizo tatu zilikuwa zinatoa kwa uvivu. Mzee akakunja uso, nikajua anachofikiria. Lakini pampu ilokaa na dizeli iliyogeuka vanishi mara nyingi haijafa, imeganda. Tukakubaliana kuilowesha kwanza. Tumetoa mafuta ya ndani, tukajaza dawa ya kusafishia dizeli tupu bila kuchanganya, tukaiacha siku kadhaa, kila nikipita naipampu kidogo ili mapya yaingie na kuichezesha lever ya kuzimia. Siku ya kwanza lever ilikuwa nzito inarudi kwa kuvutwa. Baadae ikaanza kurudi yenyewe. Tulipopiga staata tena zile nati nne zote zikaruka mafuta kwa nguvu moja. Pampu haijafunguliwa hata bolti moja.

Nozo ndo nilizipeleka Mombasa, nne kwenye mfuko wa nailoni, soketi ndefu ya 27 inazitoa. Kwenye mashine ya kupimia, moja ilifungua kwenye baa 80 na inadondoka matone badala ya kupuliza, nyengine zilikuwa karibu na mia. Zinatakiwa zifungue 115 mpaka 125 hivi. Ncha mpya nne na kuseti, 10,800. Zile pete (washa) za chini ya nozo 600, hizo ni za kutumika mara moja, ukirudisha za zamani moshi unavuja na nozo inaungua.

Februari 22. Joto, na moto

Hita plagi mpya nne 6,400, betri kubwa ya dizeli 15,500. Hapo najua bei ya betri inauma, lakini dizeli isipozunguka kwa kasi haipati joto la kuwasha, na betri ndogo ya gari la saluni inakuharibia staata.

Tukawasha switchi, taa ya hita ikawaka, tukapiga staata, kimya. Moshi mweupe wa dizeli mbichi tu. Kupima na multimita kwenye waya wa hita: volti 12 na ushee. Kwa macho ya mita kila kitu kizuri. Nikagusa hita, baridi. Mzee akasema labda hizi hita mpya ni feki, tukaichukua moja tukaigusisha betri moja kwa moja, ikawa nyekundu. Sio feki.

Relei ya hita iko ubavuni mwa chumba cha injini, ina kifuniko cheusi, na ndani kuna fyuzi ya ukanda, ampia 80. Ukiiangalia kwa juu ni nzima. Nikaitoa nikaishika dhidi ya mwanga, katikati kuna ufa mwembamba kuliko unywele, umepita upande mpaka upande, ncha mbili zinagusana kidogo tu. Mita haivuti umeme wowote kwa hio inasoma volti zote, lakini hita nne zikidai mzigo wao hapo hapo volti zinaanguka. Pimeni hita zikiwa zimeungwa, na wekeni mita huku na huku ya fyuzi. Ukanda mpya shilingi 100. Msiweke waya wa shaba badala yake, relei itaungua na waya wake.

Baada ya hapo hesabu ishirini za taa, staata, ikatetemeka kwa silinda mbili, tatu, moshi ukajaa mpaka kwa jirani, alafu ikashika zote nne. Ule mlio wake kok kok kok ami aliusikia ndani akatoka na bakora yake. Hakusema mengi. "Usiipige resi, iache ipumue." Alisimama pale mpaka moshi ukaisha.

Machi 8. Haizimiki

Ramadhani imeingia, tunafanya kidogo kidogo baada ya taraweh na Jumamosi asubuhi.

Tatizo jipya: unazima ufunguo, injini inaendelea. Usiogope, chini ya boneti kuna kidole chekundu kimeandikwa STOP, ukikibonyeza inazima. Lakini sababu inafaa kujulikana manake inashangaza wengi. Hii gari inazimwa kwa vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa), na pampu hio hio ya vakyumu ndo inafunga milango na kusaidia breki. Kufuli la mlango mmoja likivuja, injini inakosa nguvu ya kuzimika.

Sina mashine ya kupimia, nimetumia sirinji kubwa ya mililita 60 na kipande cha mpira. Unavuta, unashikilia, ukiachia ikirudi kwa nguvu mpaka ilipoanzia basi hapo hapavuji. Laini ya kuzimia ilikuwa nzima. Laini ya milango ikavuta hewa wazi. Nikaenda mlango kwa mlango, na yule wa nyuma ulokuwa haufunguki ndo mwizi, mpira wake wa ndani umepasuka. Kwa sasa nimeziba laini ya mlango ule. Injini inazima kwa ufunguo ndani ya sekunde moja.

Machi 29. Breki

Mafuta ya breki yalikuwa rangi ya kahawa. Yanavuta maji kutoka hewani, kwa hio yakikaa miaka yanakula chuma kutoka ndani. Gari hii ina diski magurudumu yote manne. Pistoni zimetolewa kwa upepo wa kompresa, zimesuguliwa, mipira mipya, mastasilinda ilikuwa sawa.

Gurudumu la mbele kushoto likaendelea kushika. Kalipa imefunguliwa tena, pistoni inateleza vizuri kwa kidole, tukafunga, bado inashika. Ukikanyaga inakamata, ukiachia haiachii. Ilikuwa ni ule mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Kwa nje hauna kasoro, nikaukata kati kwa kisu, ndani umevimba mpaka tundu limebaki la kupitisha sindano. Mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini hayana nguvu ya kurudi. Tukabadilisha yote minne. Vyote vya breki 11,300. Hapa msibane pesa, tafadhali. Gari isiowaka inakukera tu, gari isiosimama inaua watu.

Aprili 19. Maji na barabara

Idi imepita. Redieta ilikuwa imejaa ukoko mweupe, bila shaka iliwahi kujaziwa maji ya kisima, na visima vyetu Malindi vingi vina chumvi. Nimesafisha kwa asidi ya sitriki na maji ya mvua, nikaendesha injini ipate joto, nikamwaga, nikarudia mpaka yakatoka safi. Thamostati, mipira ya redieta, kuulanti na maji ya kuchujwa, 7,900. Tairi nne za mtumba zenye tarehe nzuri, 16,000.

Safari ya kwanza ni mpaka Gede na kurudi, mapema kabla jua halijachachamaa. Sindano ya joto ilisimama kwenye 80 na kitu haikusogea. Mlima haipandi kwa haraka, haijawahi, lakini ukiifikisha gia ya nne inaenda imetulia na usukani hautetemeki. Nilivyorudi nikashika magurudumu yote kwa mkono, hakuna lililochoma. Baadae nikavuka nayo daraja la Sabaki mpaka Mambrui na ami kiti cha mbele, alikuwa anasikiliza giaboksi njia nzima, akasema gia ya pili inataka kubembelezwa tangu zamani.

Mei 10. Hesabu, na kilichobaki

Kila nilichotaja juu, pamoja na ufundi wa mzee 14,000, ni 100,450. Bima haimo. Kama tungefuata ushauri wa siku ya kwanza, elfu 45 zingeenda kwenye pampu ambayo ilikuwa inataka kuoshwa tu, na gharama zote nyengine zingebaki pale pale.

Filta ndogo nimeibadilisha tena wiki ilopita, ilikuwa na uchafu mweusi kidogo, hio ni kawaida tanki likishaoshwa. Nunueni mbili tatu muweke butini.

Mvua za masika zimeonyesha kuwa mpira wa kioo cha mbele unavuja na maji yanashuka kwenye ile sakafu ilotoboka, kwa hio kioo lazima kitoke kabla bati halijachomelewa, vinginevyo tutachomelea kitu kitakachooza tena. Mchomeleaji wa Maweni amesema 9,000 kwa upande wa dereva akitumia bati nene na rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili. Mpira wa kioo nimeuagiza. Oili inapungua kidogo sana, baina ya alama mbili za kijiti haijashuka hata nusu. Asubuhi inawaka kwa mguso wa kwanza.